Picha ya Mzee Masanja

Mwanangu Nasra,

Najua utacheka ukiona nimekuita hivyo, maana nimekuzidi miaka mitano tu na bado tunagombania shuka moja. Lakini juzi mama yako alinipigia simu kutoka Dodoma, akaniambia amenyimwa ruhusa kazini na hataweza kuja kukusindikiza. "Wewe ndiye mama yake mdogo," alisema. "Kaa naye, zungumza naye kama mama." Nilimwitikia vizuri. Halafu nikakutazama unapanga sare kwenye tranka huku unaimba, na maneno yote yakanikauka. Unanijua. Mgeni akiingia hapa nyumbani kwa mlango wa mbele, mimi natokea wa uani. Kwa hiyo nimekaa jikoni na karatasi zangu. Wewe umekwenda na Bibi kuwaaga majirani, na nitajaribu kumaliza kabla hamjarudi.

Mambo ya ndoo, kufuli na nani wa kumwazima sabuni sitayagusa. Bibi ameyasema tangu Idi na ataendelea kuyasema kesho kwenye gari. Nataka kukuambia jambo moja tu, ambalo kesho utakutana nalo ukutani. Limenikasirisha tangu nikiwa kidato cha tatu, na hasira yenyewe haijapungua hata baada ya kumaliza shule.

Ukiingia bwalo la shule, mkono wa kulia, pana ubao mkubwa uliofunikwa kitambaa cha zambarau. Ni ubao wa Umoja wa Dada. Katikati kabisa kuna picha ya mzee aliyevaa gunia, uso umepakwa majivu, ameshika bakuli la bati kwa mikono miwili. Mbele yake amepiga magoti msichana mwenye skafu ya zambarau, anampa mche wa sabuni. Chini wameandika: "Mzee asiye na makao akipokea msaada wa dada."

Mzee huyo ni Babu Masanja. Ni yule yule atakayekupakia kesho kwenye pikapu yake, wewe na tranka lako, akupeleke mpaka ndani ya bwalo hilo, kwa kuwa pale ndipo wazazi wanapoandikisha watoto. Hajawahi kuiona picha hiyo.

Lakini nianze na Umoja wenyewe, maana sitaki kuusingizia. Muhula wangu wa kwanza nililia mpaka macho yakavimba. Walionitoa kitandani ni wao. Dada wa kidato cha tatu alikuja akaniambia, "Wewe wa Kisarawe, machozi utayamaliza, na muhula ndiyo kwanza unaanza," akanivuta mkono mpaka uwanjani. Wakanipa skafu. Jumamosi tulipanda basi la shule tukienda kufagia soko au kuwasalimu wazee, tukiimba njia nzima, na mimi nisiyesema nilikuwa naimba. Mwisho wa muhula kulikuwa na Jioni ya Dada: nguo za nyumbani, keki, muziki, bwalo limepambwa. Nilicheza nyuma ya spika, mahali ambapo hakuna anayekuona, na nilifurahi kama sijawahi kufurahi. Sioni aibu kusema hivyo. Msichana wa miaka kumi na tano anahitaji kucheza.

Palipoharibika ni hapa. Ili uingie Jioni ya Dada, ulipaswa kuwa na alama za huduma. Kufagia soko ni alama. Kutembelea wagonjwa ni alama. Kituo cha watoto yatima ni alama mara mbili, kwa sababu huko picha hutoka vizuri. Kwa hiyo watu wenye shida wakawa tiketi ya kuingilia kwenye muziki. Nimewahi kumsikia msichana aliyepungukiwa alama akiuliza bwenini, "Jamani, wikiendi hii hakuna mgonjwa?" Sote tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Rafiki yangu Tatu unamjua, yule aliyekuja hapa likizo akakushinda kula maembe mabichi. Alikuwa analala kitanda cha chini yangu. Jumamosi moja aliamka na malaria, anatetemeka. Siku hiyo sisi tulikuwa na safari ya hospitali. Aliniomba nimchotee maji ya kuoga na nikae naye kidogo. Nilikuwa nimeshafunga skafu.

"Nikirudi," nilimwambia.

Akanitazama kutoka kwenye blanketi. "Kumbe kosa langu nimeugulia bwenini. Ningelazwa hiyo wodi yenu ya leo, ungeniletea machungwa."

Nilikwenda. Niliwagawia machungwa kina mama nisiowajua, nikawauliza majina yao, na kabla hatujafika getini nilikuwa nimeyasahau. Niliporudi nilimkuta Tatu ameshaogeshwa na mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, ambaye hakuwa hata na skafu. Kumchotea rafiki yako maji hakukuwa na alama. Tatu alinisamehe kwa sababu yeye ni Tatu. Hapo ndipo nilipopaswa kutoka kwenye ule Umoja. Sikutoka. Niliipenda ile Jioni.

Halafu baba yangu akafariki, ambaye kwako ni Babu Selemani.

Siku ya kuanua matanga unaikumbuka, ulikuwa darasa la sita na ulipewa kazi ya kuwanawisha watu mikono. Nitakueleza tu vitu ambavyo huenda hukuvielewa, maana wewe umekua ukiona utani kama unavyoona jua, na shuleni utakutana na watu ambao hawajawahi kuuona. Babu Masanja ni Msukuma. Alikuja huku kijana, akafanya kazi na Babu yako kwenye gengi la reli ya zamani pale Soga, na hakurudi tena kwao. Msukuma na Mzaramo ni watani. Msiba ukitokea kwa mtani wako, hukai kwenye mkeka ukalia. Kazi yako ni kuwafanyia vituko waliofiwa mpaka wacheke, na kufanya kazi ambazo wao hawana nguvu nazo. Babu Masanja ndiye aliyeshika jembe wa kwanza kule makaburini. Ndiye aliyesugua masufuria ambayo hata wapishi waliyakimbia. Na siku ile ya matanga alikuja amevaa gunia, amejipaka majivu, akakaa katikati ya njia ya kuingilia uani na bakuli lake.

"Hapiti mtu," alisema. "Mimi ndiye niliyefiwa, nyinyi Wazaramo mmefuata pilau. Selemani amekufa makusudi. Alijua wiki hii ni zamu yake kuja kunipalilia."

Shangazi Mwanahawa akamjibu kutoka mafigani, "Wewe Msukuma, tulikuokota relini una kaptura moja. Leo unatufungia njia?"

"Na hiyo kaptura mkaniibia."

Kisha akasogea mpaka dirishani kwa Bibi, ambaye alikuwa ndani ameanza eda na mimi nimekaa pembeni yake. "Mjane," akasema kwa sauti ya kubembeleza, "eda ikiisha usihangaike. Nina ng'ombe wawili, na meno yangu yote."

"Meno yapi, kibogoyo wewe," Bibi alisema. Na akacheka, Nasra. Tangu Baba afariki alikuwa hajasema neno refu kuliko "ndiyo". Alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kile ndicho kilichomfungua. Jioni ile alikula.

Ile ndiyo huduma. Sijaona nyingine ya kuilinganisha nayo.

Basi la shule lilifika baada ya hitima. Umoja wa Dada walikuja kunipa pole mimi. Yaliyotokea nje nimeyajua kwa Shangazi, maana mimi sikutoka. Aliwakaribisha kama anavyowakaribisha wasichana wote wanaokuja msibani: akawatandikia mkeka, akawasogezea mbuzi za kukunia na nazi zilizopasuliwa. Walimwambia wana ratiba. Wakaomba viti.

Jesca, mwenyekiti wao, ndiye aliyemwona mzee mwenye gunia. Akatoa mche wa sabuni na pakiti ya sukari kwenye ule mfuko waliokuja nao, akaenda kupiga magoti mbele yake, na mwenzake akatoa simu. Babu Masanja alidhani wameingia kwenye mchezo. Alifurahi kwamba watoto wa siku hizi nao wanajua utani. Kwa hiyo akainamisha kichwa, akatetemesha mikono kama mtu aliyeshinda njaa, akawaombea dua: "Mungu awape waume wa Kisukuma, wawachoshe kwa kusonga ugali." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Shangazi anasema wale wasichana wenyewe hawakucheka. Walikuwa wanatafuta upande wenye mwanga.

Halafu waliingia ndani wakanikumbatia mmoja mmoja, wakala pilau, wakaondoka. Niliwashukuru kwa moyo wangu wote. Nilijiona nina dada wengi.

Niliporudi shuleni niliikuta picha ubaoni. Nilisimama pale na sahani yangu ya maharage mpaka kengele ikalia. Nilisoma yale maandishi chini yake mara nyingi nikidhani labda nasoma vibaya. Msiba haukutajwa. Marehemu hakutajwa. Palikuwa na mzee fukara na msichana mwema, basi.

Unajua jinsi ninavyoogopa kuanza mazungumzo. Nilimfuata Jesca.

"Dada Jesca, yule mzee si maskini. Ni mtani wa baba yangu. Alikuwa anatania."

"Anatania na gunia?"

Nikamweleza yote, kwa kigugumizi. Sitamsingizia, alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe," akasema. "Sasa Zuhura, watu wakiiangalia hawayajui hayo. Wanaona mzee anasaidiwa. Ubaya uko wapi?"

"Ana nyumba Soga. Tangu kituo cha treni mpya kifunguliwe ana wapangaji."

"Basi kama ana wapangaji, picha haimpunguzii kitu." Akanishika bega, kwa upole kabisa. "Wafadhili wameshaiona. Ndiyo waliyoipenda kuliko zote. Tukiiondoa tutawaambia nini?"

Nilikwenda kwa mwalimu mlezi wa Umoja. Alikuwa anasahihisha madaftari. Aliniambia, "Zuhura, wewe ni mtoto mtulivu. Usianze fujo mwaka huu," akaendelea kusahihisha.

Nataka uelewe hasira yangu imekaa wapi. Kukosea ningewasamehe. Wamelelewa kwenye nyumba zenye kuta ndefu, hawajawahi kukaa kwenye msiba wenye watani, na mtu akivaa gunia mbele yako hulazimiki kujua. Lakini waliambiwa. Waliambiwa na mtoto wa marehemu, akiwa amesimama mbele yao, na wakaona heri mzee wa watu abaki omba-omba ukutani kuliko wao kukosa picha. Kisha wakafanya Jioni ya Dada kubwa kuliko zote, kwa mchango wa watu waliohurumia ile picha. Walikula keki juu ya msiba wetu. Nimejaribu kuliandika hilo kwa maneno ya upole zaidi na sijayapata.

Nilirudisha skafu. Jioni ile mimi na Tatu tulibaki bwenini, na muziki ulikuwa unaingia dirishani kwa hiyo tukacheza wawili kati ya vitanda. Sitakudanganya kwamba ilikuwa bora kuliko bwaloni. Keki tuliikosa, na mimi naipenda keki. Lakini nililala vizuri.

Sasa utaniuliza, kwa nini sikusema nyumbani. Bibi alikuwa ndani ya eda, anaishi kwa kile kicheko. Ningemwambiaje kwamba watu wamekigeuza hivyo? Kisha miezi ikapita, nikaona aibu kwamba miezi imepita. Nilijiambia Babu Masanja ataliona wapi bwalo la shule ya wasichana. Na wewe ukachaguliwa shule ile ile, na yeye mwenyewe akaja hapa akasema, "Mjukuu wa Selemani hapandi gari la kukodi nikiwa hai."

Leo baada ya alasiri alipofika kutoka Soga, alilala chini ya pikapu akikaza nati, nikampelekea chai.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mtumwa wangu. Chai ya nani hiyo? Kama ni ya Kizaramo haina sukari."

Kwa kawaida ningecheka nikaondoka. Nilibaki. Akachungulia, akaona uso wangu, akatoka chini ya gari akakaa kwenye ndoo. Nikamwambia yote, nikitazama gurudumu. Nilidhani atacheka, maana sijawahi kumwona Babu Masanja akikosa jibu. Hakucheka. Alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, hata mahali pasipo na grisi.

"Wameandika sina makao?"

"Ndiyo, Baba."

"Na Selemani wamemwandika?"

"Hapana."

Akakunja kile kitambaa. Kisha akasema, "Basi wamemtoa marehemu kwenye msiba wake, wakaniacha mimi peke yangu na bakuli." Alisema taratibu, kama anayejisomea. "Mimi nilikuwa namzika mwenzangu, Zuhura. Kwetu mtani anazikwa hivyo. Sikuwa naomba."

"Najua, Baba."

"Wewe unajua. Anayeingia pale kula hajui."

Nilimwambia kama anaona vibaya asiende, tutatafuta gari jingine, Bibi nitamweleza mimi. Aliniangalia kama nimemtukana. Alisema atakwenda, na ataingia bwaloni, na ataweka sahihi yake kama mzazi mwingine yeyote. Nikamwomba aseme na mwalimu basi, maana yeye ni mtu mzima, watamheshimu.

"Hapana," alisema. "Mimi nilikuwa mtani tu. Msiba ulikuwa wa nani?"

Nikarudi kutazama gurudumu.

"Msiba ulikuwa wako. Mwenye msiba ndiye anayesema. Mimi nitasimama pembeni." Akarudi chini ya gari, na kutoka huko nikamsikia anasema chai ni maji matupu.

Kwa hiyo sasa unajua kwa nini nimepiga pasi gauni langu la kijani, ulilonitania kwamba naenda kuposwa.

Sikukatazi Umoja wa Dada, Nasra. Wewe si mimi. Wewe ukiingia mahali, watu wanakujua jina kabla hujakaa, na najua wiki ya kwanza watakufuata na skafu. Jesca ameshamaliza, labda waliopo sasa wana masikio. Ukitaka kuipokea, ipokee, uende, ucheze mpaka viatu vikatike. Huwezi kuishi shuleni kwa vitabu na sala peke yake. Ila ukienda kwenye nyumba ya watu, kaa kwenye mkeka wao. Wakikupa nazi, kuna. Uliza wanacheka nini. Ukiona ratiba haina nafasi ya kukuna nazi moja, panda basi urudi, na yule anayeumwa kitanda cha jirani yako umchotee maji. Hakuna atakayekupigia makofi. Mimi nilichelewa kulijua hilo, na aliyelipia kuchelewa kwangu ni Tatu.

Kesho tutaingia bwaloni wanne: Bibi, Babu Masanja, wewe na mimi. Bibi nitamwambia leo, mkirudi, kabla hajavua buibui. Mtakapokuwa kwenye foleni mimi nitakwenda kwenye meza ya mwalimu mlezi, mbele ya wazazi wote, na nitasema hivi: "Shikamoo, mwalimu. Naitwa Zuhura, nimemaliza hapa. Picha ile ilipigwa kwenye msiba wa baba yangu, Selemani. Yule ni Mzee Masanja, mtani wake, na amesimama pale. Tumekuja kuichukua." Nimeyasema peke yangu hapa jikoni, na sauti imetoka.

Pale kutakuwa na watu wengi na huenda nikakwama. Nakujua, utataka kunisaidia, utasema kwa niaba yangu kama unavyofanya dukani. Kesho usiseme. Hata kama wataanza kucheka, hata kama nitanyamaza mpaka uone haya. Subiri. Nitamaliza.

Mama yako mdogo,
Zuhura